Fungu la Kumi Katika Nyumba ya Imani Mbili

Wako Wakristo wengi katika vijiji vyetu walio na wenzi wasioshiriki imani yao. Mwingine alibatizwa baada ya kuolewa, na mume wake akabaki katika desturi za wazee wake. Mwingine alifunga ndoa ya serikali na Mwislamu, kila mmoja akashika njia yake. Mwingine tena alikuwa akienda kanisani pamoja na mwenziwe miaka mingi, lakini sasa mwenziwe huyo ameacha ibada, wala hataki kusikia habari zake. Watu hawa twawajua. Huja peke yao, huketi peke yao, na siku ya kutoa huwa na shida ambayo jirani zao walioketi wawili wawili hawaijui. Shida yenyewe ni hii: Mungu ameniagiza kutoa, lakini mali niliyo nayo si yangu peke yangu, na huyu niliye naye hataki. Nikitoa, nimemwibia mwenzangu. Nisipotoa, nimemwibia Mungu. Nifanyeje?

Majibu yanayotolewa upesi ni mawili. Wa kwanza husema: Mungu ni mkubwa kuliko mume, toa hata kwa siri. Wa pili husema: amani ya nyumba ndiyo kwanza, nyamaza, Mungu anaelewa. Majibu haya yote mawili yana kasoro, na wala la kwanza wala la pili halimfai mtu mwenye dhamiri anayetaka kulala usingizi usiku. Kwa hiyo tumeona vema kulitazama jambo hili polepole.

Kwanza tuulize fungu la kumi lenyewe lilikuwa kitu gani, maana wengi hulitaja pasipo kulijua. Katika Mambo ya Walawi, mlango wa 27, zaka ni ya mazao ya nchi na matunda ya miti, na ya ng'ombe na kondoo pia: wanyama walipitishwa chini ya fimbo ya mchungaji, na kila wa kumi alikuwa wa Bwana, awe mwema au mbaya, pasipo kuchagua. Katika Hesabu, mlango wa 18, zaka wapewa Walawi, kwa sababu hawakupata urithi wa ardhi kama kabila nyingine. Nao Walawi waliitoa sehemu ya kumi ya hiyo waliyopewa. Lakini katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 14, liko jambo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio. Mwenye shamba aliagizwa aipeleke zaka yake mahali patakatifu, na huko aile mbele za Bwana, yeye na watu wa nyumba yake, kwa furaha. Njia ikiwa ndefu mno, aliruhusiwa kuiuza, akafunga fedha mkononi, na alipofika akanunua chakula na kinywaji chochote ambacho roho yake ilikitamani. Na kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa akiba katika mji wake mwenyewe, kwa ajili ya Mlawi na mgeni na yatima na mjane.

Angalia, msomaji, ya kwamba watu wa nyumbani wamo. Zaka ile haikuwa kitu kilichonyakuliwa kinywani mwa watoto, watoto waliila. Wala mgeni hakutengwa. Twalitaja jambo hili kwa sababu mwenzi asiyeamini mara nyingi haoni katika sadaka ila hasara tu: kitu kimetoka nyumbani, hakikurudi, na waliokila ni watu asiowajua. Hatuwezi kumlaumu sana, kama hivyo ndivyo alivyoonyeshwa miaka yote.

Na tukumbuke ya kwamba neno hili zaka tumelipata kwa Waarabu. Jirani zetu Waislamu wanalo katika nguzo tano za dini yao, ingawa kwao hesabu ya fedha ni sehemu moja katika arobaini, si moja katika kumi. Mke Mkristo aliyeolewa na Mwislamu hana haja ya kumfundisha mumewe ya kwamba katika mali iko haki ya Mungu. Mumewe alilijua hilo tangu chuoni. Tena sheria yao humhesabu mke kuwa mwenye mali yake mwenyewe, na mahari yake si ya mume. Basi katika nyumba ya namna hii mabishano si juu ya kutoa au kutotoa. Ni juu ya inakokwenda. Na mara nyingi mazungumzo huwa mepesi kuliko na mume ambaye hana dini yoyote, ambaye kwake kutoa kwenyewe ni upumbavu.

Sasa tuje kwenye siri, maana hapo ndipo penye kidonda. Wanaoitetea siri humleta Abigaili. Habari zake zimo katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 25. Mumewe Nabali alikuwa tajiri, mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, naye alikuwa mtu mgumu. Daudi alipomwomba chakula kwa ajili ya watu wake, Nabali aliwatukana wale vijana akawarudisha mikono mitupu. Ndipo Daudi akaondoka na watu 400 wenye panga. Abigaili alipopata habari alifanya haraka, akapakia juu ya punda mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha tengenezwa, bisi, zabibu na tini, akaenda, wala hakumwambia mumewe. Tazama, husema watu, mke mwenye akili alitoa mali ya mume mpumbavu, na Maandiko yamsifu!

Ni kweli yamsifu. Lakini hakwenda kutoa sadaka. Alikwenda kuzuia mauaji. Daudi alikuwa amekwisha apa kutobakiza mwanamume hata mmoja katika nyumba ile, na huyo Nabali mwenyewe alikuwamo katika hesabu. Mali ilitolewa ili mwenye mali aishi. Na jambo la pili husahauliwa kabisa: Abigaili aliporudi alimkuta mumewe amelewa katika karamu, akanyamaza usiku ule, asubuhi, divai ilipomtoka, alimwambia yote. Siri yake ilikaa usiku mmoja tu. Mwenye kumtaja Abigaili na aitaje asubuhi yake pia.

Upande wa pili, waume wengine hupenda sana mlango wa 30 wa Hesabu, unaosema habari za nadhiri ya mke. Mume akisikia nadhiri ya mkewe, anaweza kuibatilisha siku ile ile aisikiapo. Wakiisha kusoma hapo hukifunga kitabu. Lakini mlango unaendelea. Mume akinyamaza siku hiyo, nadhiri imesimama. Na akitaka kuibatilisha baadaye, yeye ndiye atakayeuchukua uovu. Sisi twapata mambo mawili hapa. Sheria ile inadhani ya kwamba mume amesikia. Haikufikiri nadhiri iliyofichwa miaka kumi. Tena yasema ya kwamba mwanamke aliyezuiliwa, Bwana atamsamehe. Hili lingetangazwa zaidi katika makanisa yetu, maana wako wanawake wanaohubiriwa kila mwaka habari za kumwibia Mungu, nao hurudi nyumbani wakilia, hali mkono uliowazuia si wao. Ama kuufanya mlango huo kuwa sheria ya mshahara wa mke katika nchi yetu leo, hilo hatulikubali, na sababu zake tutazieleza mbele kidogo.

Wakristo wa Afrika waliyajua mambo haya zamani sana, kabla ya babu zetu kusikia Injili. Karibu na mwaka 200, katika mji wa Karthago, ulio karibu na Tunis ya leo, mwalimu mmoja jina lake Tertullian alimwandikia mke wake vitabu viwili vidogo. Alimshauri asiolewe tena kama yeye akifa kwanza; na katika kitabu cha pili alionya ya kwamba mwanamke Mkristo asiolewe na mpagani kamwe. Akamweleza hali ya nyumba ya namna hiyo. Siku ambayo mke ataka kufunga, ndiyo siku ambayo mume aalika karamu. Saa ambayo mke angetoka kwenda kuwatazama ndugu katika vibanda vya maskini, ndipo kazi za nyumbani zinapomsonga kuliko siku zote. Ndugu msafiri akija, hana makaribisho katika nyumba ya mgeni. Na pakiwa na mtu wa kusaidiwa, ghala imefungwa. Yalisemwa hayo miaka 1,800 iliyopita, na mwanamke wa kijiji chetu akisomewa leo atadhani mtu amechungulia dirishani kwake. Lakini Tertullian alikuwa na nia ya kukataza ndoa hizo tu. Wale ambao Injili iliwakuta wamekwisha olewa aliwagusa kwa maneno machache. Paulo ana huruma zaidi: mwenzi asiyeamini akikubali kukaa, asiachwe, na nyumba hiyo haihesabiwi kuwa najisi, bali yatakaswa kwa ajili ya yule aaminiye.

Miaka mia mbili hivi baada ya Tertullian, Augustino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, aliandikiwa na mwanamke aitwaye Ecdicia, naye alimjibu kwa barua ambayo ipo hata sasa. Mume wa Ecdicia hakuwa mpagani. Lakini kipimo chake cha utawa hakikuwa sawa na cha mkewe, kwa hiyo habari yao yatuhusu. Watawa wawili waliokuwa wakipita walifika nyumbani, mume hayupo. Ecdicia akawapa karibu mali yake yote wawagawie maskini, pasipo kumwuliza mumewe wala kumwambia, nao wakaenda zao. Walikuwa na mtoto wa kiume. Mume aliporudi na kuona yaliyotendeka aliwaka hasira, akawalaani wale watawa kuwa wezi wa nyumba za watu, na mwishowe akaanguka katika uzinzi. Augustino hakumsifu mke. Alimwambia ya kwamba kutoa kwa maskini ni kwema, lakini jambo hilo lilipasa kupatanwa na mume; ya kwamba mtoto naye alikuwa na haki ya kufikiriwa; na ya kwamba amwombe mumewe msamaha.

Twaona Augustino alimlemea mwanamke huyo. Uzinzi wa mume ni dhambi ya mume, wala hakuna sadaka iliyotolewa vibaya kiasi cha kumhalalishia mtu uzinzi. Lakini katika habari ya mali twaona alinena kweli. Naye hakunena kama mtu asiyejua nyumba hizo. Alizaliwa ndani ya moja: mama yake, Monika, alikuwa Mkristo, na baba yake, Patricius, mtu mwenye hasira za haraka, hakupokea imani mpaka alipokuwa karibu na kufa, kama mwaka 371.

Basi, mali ni ya nani? Hapa mashauri ya maneno matupu hayatoshi, maana mke na mume hawali maneno. Katika nchi za migomba na kahawa, kama Kilimanjaro, desturi ya zamani iligawa mambo hivi: fedha za kahawa ni za baba, ndizi na maziwa ya kupeleka sokoni ni ya mama. Mahali pengine kuku na bustani ya mboga ni za mama, ng'ombe ni wa baba. Desturi hizi hazikuandikwa, lakini kila mtoto anazijua. Katika Tanzania iko na sheria iliyoandikwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema ya kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuitoa; wala kufunga ndoa peke yake hakuhamishi mali ya mmoja iwe ya mwingine. Lakini sheria hiyo hiyo yakataza mmoja kuiuza au kuitoa nyumba wanamokaa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua ya kwamba kazi za mke za nyumbani, kupika na kulea na kutunza, ni mchango wake katika mali iliyopatikana pamoja. Hii ndiyo sababu twasema mlango wa 30 wa Hesabu usitumiwe kumnyang'anya mke senti zake. Lakini neno la mahakama lina makali pande zote mbili. Kama jasho la mke limo katika shamba la mume, basi mume aliyeamini hawezi kusema shamba ni langu, nitatoa nipendavyo.

Katika nyumba nyingi, basi, iko mali ambayo kwa desturi au kwa sheria au kwa mapatano ni ya mmoja, naye amekwisha timiza sehemu yake ya chakula, ada ya shule na dawa. Hiyo anaweza kuitoa, na dhamiri yake iwe safi. Na iko mali ambayo ni ya wote wawili, hasa ile ambayo watoto wanaitegemea. Hiyo mmoja hana ruhusa kuitoa peke yake, hata kama ni kwa Mungu. Kwa maana si kwa Mungu, ni kwa Mungu kutoka mfuko wa mwingine. Bwana wetu aliwakemea watu wa Korbani katika Marko, mlango wa 7, wale waliosema ya kwamba kitu ambacho baba na mama wangesaidiwa kwacho kimewekwa wakfu, wakaacha wazazi wao na njaa. Ada ya mtoto ikitiwa katika kikapu cha sadaka, imekuwa Korbani. Naye Paulo awaambia Wakorintho ya kwamba sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya kile alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya kile asicho nacho. Mwenye kuzuiliwa nusu ya mali ya nyumba hana nusu hiyo. Fungu lake la kumi na lihesabiwe katika kile alicho nacho kweli, kiwe hata mayai matatu katika thelathini. Hesabu hiyo haina aibu.

Watu watamtaja yule mjane wa senti mbili, aliyetoa riziki yake yote. Naam, lakini alikuwa mjane. Hakuwa na mtu wa kumwuliza. Afadhali katika jambo hili tumtazame Yoana, anayetajwa katika Luka, mlango wa 8, pamoja na Susana na wengine wengi. Alikuwa mke wa Kuza, wakili wa Herode, yule Herode aliyemkata Yohana kichwa. Yoana alimhudumia Bwana kwa mali aliyokuwa nayo. Habari za imani ya Kuza hatukuambiwa, na twadhani haikuwa rahisi kuwa mtumishi wa nyumba ile na kuwa na mke anayefuatana na Mnazareti. Lakini hakuna neno linaloonyesha ya kwamba Yoana alijificha.

Zamani kujificha kulikuwa kugumu. Kikapu cha mahindi kikitoka ghalani kilionekana. Mbuzi akitoka zizini, watoto waliuliza anakwenda wapi. Siku ya sikukuu ya mavuno kijiji kizima kiliona nani amejitwika mkungu wa ndizi, na nani ameununua katika mnada nje ya kanisa. Lakini tangu mwaka 2007 huko Kenya, na mwaka 2008 huku Tanzania, fedha hupelekwa kwa simu, na makanisa mengi sasa yana namba zao za kupokelea. Mtu aweza kutoa sadaka kitandani, mwenziwe amelala kando yake, naye asijue. Ni chombo chema kwa mgonjwa na kwa msafiri. Lakini chombo hiki kimeondoa ule ushahidi wa kikapu, na kimewapa watu wa nyumba za imani mbili jaribu jipya. Ujumbe hufutwa. Kisha siku moja haukufutwa, mume ausoma, na hapo hasomi sadaka. Asoma ya kwamba miaka mitatu mkewe amekuwa na njia ya fedha asiyoijua. Uchungu wake mkubwa si zile shilingi elfu tano. Ni kwamba kumbe alifichwa, na walikuwako watu wengine waliojua, nao walikuwa wazee wa kanisa. Petro aliwaambia wake waamini wenye waume wasioamini ya kwamba waume hao wavutwe pasipo neno, kwa kuutazama mwenendo. Ni mwenendo gani atakaoutazama mtu huyu?

Twasema basi, yasifichwe. Na tusiseme tu yasifichwe, tuseme na namna ya kuyasema, kwa maana hapo ndipo wengi hushindwa. Usianze na kumi. Usianze na Malaki, ambaye mwenzio hamtambui. Usianze jioni ambayo mmegombana juu ya chumvi. Chagua wakati mzuri, sema kwa heshima, na sema kiasi. Mke aweza kunena hivi: “Baba Yohana, kuku wangu mwezi huu wamenipa shilingi elfu ishirini. Unga umo, na daftari za watoto nimezinunua. Naomba katika hizo elfu mbili nizipeleke kanisani, kama nilivyoahidi nilipobatizwa. Sitaki nizipeleke nawe hujui.” Huenda mume akanung'unika. Huenda akasema, “Hao walimu wako wameshiba, wewe una njaa.” Lakini maneno yale ya mwisho, ya kwamba hataki kuzipeleka naye hajui, mume hayasahau upesi.

Tena iko njia ambayo twaiona ni njema kuliko zote, nayo twaipata katika ile zaka ya mwaka wa tatu. Mwenzi asiyeamini akatae nyumba ya mchungaji, akatae bati la kanisa; lakini mara nyingi hakatai mgonjwa wa jirani, wala yatima wa kaka yake, wala mzee aliyeunguliwa nyumba. Hata watu wagumu huwa na mahali pao laini. Mkubaliane hapo kwanza. Toeni pamoja debe la mahindi kwa mjane, ninyi wawili, kwa jina la nyumba yenu. Torati yenyewe iliiita hiyo zaka, na sisi hatuna mamlaka ya kuikataa. Wako wengine husema sehemu ya kumi yote sharti iingie katika hazina ya usharika, na kilichotolewa nje ni sadaka ya hiari tu. Wenye kusema hivyo na wausome tena mlango ule wa 14 mpaka mwisho wake.

Na akikataa hata hilo? Wako wanaokataa kila kitu, hata shilingi ambayo mke ameipata kwa mikono yake, na wako wake wanaomfanyia mume vivyo hivyo. Hapa twasema kwa kupima maneno. Kile ambacho ni chako kweli, na watu wa nyumbani hawakipungukiwi, unaweza kukitoa hadharani, na kuyavumilia manung'uniko. Kukasirika kwa mwenzio si amri ya Mungu. Lakini kama kusema kweli kutaleta fimbo, usidhani ya kwamba Mungu akutaka ununue bahasha kwa damu. Acha bahasha. Mwambie mchungaji kinachokupata, wala si kwa ajili ya sadaka, bali kwa ajili ya fimbo, maana hilo ni jambo la kushughulikiwa na wazee wa ukoo, na likizidi, na serikali. Nawe una mikono. Kufagia kanisa, kuteka maji ya wajenzi, kumwogesha mgonjwa asiye na mtu, haya nayo hutolewa. Hatusemi haya ili kumpa mtu bahili mahali pa kujificha. Yuko mtu ambaye mume wake hajamkataza lolote, naye husema kila Jumapili, “Mnajua hali ya nyumbani kwangu,” na hali ya nyumbani kwake ni nzuri. Huyo ajijue mwenyewe.

Juu ya mume aaminiye, ambaye mkewe haamini, tuna maneno machache, na pengine yatamchoma. Watu humdhania hana shida, kwa kuwa ufunguo wa ghala anao yeye. Aamua, atoa, anasomewa jina lake, na mkewe asikia kwa jirani ya kwamba gunia mbili zimekwenda kanisani. Huyo mke alipalilia gunia zile. Mume huyu hakuvunja sheria ya siri, maana alitoa mchana. Lakini alitoa kazi ya mwingine pasipo kumwuliza, kisha ashangaa kwamba mkewe aliona dini kuwa kitu kinachokuja kuchukua. Kama hekima yapasa kuuliza, yampasa aliye na nguvu kuuliza kwanza.

Sasa twasema na wazee wa kanisa na watunza hazina. Ninyi ndio mnaoandika kadi za ahadi na kugawa bahasha zenye namba. Mnajua nani yuko katika nyumba ya namna hii. Msimwandikie ahadi ya kiasi ambacho hakukitaja, wala msimsomee jina mbele ya watu kwamba amepungukiwa. Akija mtu na mali kubwa kuliko kawaida yake, ng'ombe au kipande cha shamba, mwulizeni kwa upole: mwenzako ajua? Wale watawa wawili wa Ecdicia hawakuuliza, na sisi hatujui kama maskini walishiba kwa mali ile. Twajua tu nyumba iliyovunjika. Kipokeeni kidogo kilichopatanwa, na kikubwa kilichofichwa kirudisheni. Hazina itapungua. Twajua ya kwamba bati halinunuliwi kwa mashauri mema.

Na liko jambo moja la mwisho, ambalo katika sharika nyingine limekuwa desturi. Mke mwamini amekufa. Mume wake, ambaye hajaingia kanisani tangu siku ya arusi, wala pengine hata siku hiyo, amekuja kwa mzee wa kanisa kuomba mkewe azikwe na watu wake, kwa sala alizozipenda. Mzee asema, “Ngoja kidogo,” akalichukua daftari la michango, akalifungua, akapitisha kidole chini mpaka kwenye jina lile, akaona mistari mitupu ya miaka sita. Mume huyo amesimama mlangoni, kofia mkononi. Ndiye aliyeifanya mistari ile iwe mitupu, naye anajua, na mzee naye anajua. Daftari lile lisingefunguliwa siku ile. Na aambiwe saa ya mazishi, aulizwe kama kaburi limekwisha chimbwa, na vijana wawili wapelekwe kuwasaidia wachimbaji.